Usaili wa Ualimu wa Elimu Maalumu: Mwongozo Kamili wa Kujiandaa

Nimekaa kwenye majopo ya usaili wa walimu wa elimu maalumu, na kabla ya hapo nilikaa kwenye kiti cha upande wa pili, mikono imeloa jasho. Walimu wengi wanaoikosa kazi hii wanaijua vizuri. Wanaikosa kwa sababu wakiulizwa kuhusu kazi wanajibu kuhusu moyo: "Nawapenda sana hawa watoto", "Nina subira", "Kwangu huu ni wito". Naamini wanasema kweli. Lakini kila anayeingia anasema hayo hayo, na jopo linabaki bila njia ya kumjua nani atafanya nini Jumatatu asubuhi darasani.

Jopo linataka kumwona mtoto mmoja kupitia macho yako. Uliona nini? Ulifanya nini? Nini kilibadilika, na ulijuaje kwamba kimebadilika? Mwongozo huu wote umejengwa juu ya maswali hayo.

Ukiwa na wiki mbili, pitia hatua zote. Ukiwa na siku tatu tu, fanya ya 2, ya 3 na ya 5.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Tangazo la kazi, limechapwa kwenye karatasi ili uweze kuandika juu yake
- Daftari jipya la maandalizi haya pekee
- Vyeti halisi na nakala zake
- Mpango wa elimu wa mtoto mmoja uliyemfundisha (maandishi ya malengo yake ya kujifunza), hata kama ni wa wakati wa mazoezi ya kufundisha
- Kumbukumbu zozote ulizowahi kuandika kuhusu tabia au maendeleo ya mwanafunzi
- Zana moja ya kufundishia uliyoitengeneza kwa mikono yako
- Simu ya kurekodi sauti
- Mtu mmoja asiye mwalimu, aliye tayari kukusikiliza kwa saa moja

Huyo wa mwisho usimruke. Sababu yake iko kwenye hatua ya 7.

## Hatua ya 1: Chambua tangazo mpaka uwajue watoto

Elimu maalumu ni mwavuli mpana. Kufundisha watoto viziwi na kufundisha watoto wenye ulemavu wa akili kunaweza kuandikwa jina moja kwenye cheti, lakini ukiingia darasani ni kazi mbili tofauti.

Shika kalamu, upigie mstari mambo matatu: watoto wana mahitaji gani, wanasomea wapi (shule maalumu, kitengo ndani ya shule ya kawaida, au darasa jumuishi ambamo wenye ulemavu na wasio na ulemavu husoma pamoja), na utafanya kazi na nani. Tangazo lisipoyasema, piga simu uulize. Hakuna jopo litakalokuona msumbufu kwa kutaka kuwajua wanafunzi kabla ya kufika.

Onyo: usijitie ujuzi usio nao. Mwalimu akisema "najua lugha ya alama", swali linalofuata ni ipi, na kwa kiwango gani. Lugha za alama ni nyingi, na hazifuati lugha za kusemwa. Marekani na Uingereza wote huzungumza Kiingereza, lakini viziwi wa nchi hizo mbili wana lugha tofauti kabisa za alama, na ile ya Marekani ina undugu wa karibu zaidi na ya Ufaransa. Ni afadhali useme, "Naweza kujitambulisha, kuuliza maswali ya kawaida na kufundisha hesabu za mwanzo kwa alama; kutafsiri mkutano mzima bado." Kauli ya namna hiyo inaaminika.

Umemaliza hatua hii ukiweza kumwelezea jirani, kwa sentensi mbili, ni watoto gani utakaowakuta na siku yao inakwendaje.

## Hatua ya 2: Andika visa sita

Hapa ndipo penye kazi kubwa, basi tenga jioni mbili. Andika visa sita vya kweli, kila kimoja nusu ukurasa:

1. Mtoto mwenye tabia iliyokuwa ngumu kushughulikia
2. Mtoto aliyejifunza jambo ambalo wengi walisema haliwezekani
3. Mtoto asiyezungumza, na jinsi mlivyowasiliana
4. Mzazi mliyetofautiana
5. Mwalimu mwenzako au msaidizi wa darasa mliyepaswa kukubaliana
6. Kosa ulilolifanya wewe

Kwa nini sita? Kwa sababu maswali ya jopo hata yakiwa ishirini, karibu yote yanarudi kwenye mambo hayo. Ukiwa na visa sita vilivyokomaa, hukariri majibu, unachagua kisa.

Tazama jinsi kisa kimoja kinavyoandikwa:

*Mvulana wa miaka 8 mwenye usonji (hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano), hazungumzi. Alikuwa anajitupa sakafuni na kugonga kichwa. Sote tulisema anafanya ghafla, bila sababu. Kwa siku 5 niliandika kila tukio kwenye safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Yalikuwa matukio 14, na 11 kati yake yalitokea alipotakiwa kuacha shughuli moja kwenda nyingine. Nikamtengenezea ratiba ya picha. Kila shughuli ikikaribia kwisha namwonyesha picha inayofuata. Ikiisha, anaibandua mwenyewe ile ya zamani na kuitumbukiza kwenye kopo. Sehemu anayoangukia tuliweka godoro jembamba. Wiki ya nne matukio yalikuwa 3.*

Angalia lile kopo. Ni kitu kidogo, lakini msaili akisikia kwamba mtoto anaibandua picha mwenyewe na kuitumbukiza, anajua huyu mwalimu alikuwepo. Kila kisa chako kitafutie kopo lake.

Angalia pia kwamba neno "subira" halimo, ilhali subira yote imo.

Kisa cha sita ndicho kinachowatesa watu. Wengi hujificha nyuma ya jibu la "udhaifu wangu ni kwamba nafanya kazi kupita kiasi." Mimi kwenye usaili wangu nilisimulia jambo lililokuwa bado linaniuma. Muhula mzima nilikuwa nikimfungia msichana mmoja vifungo vya shati baada ya michezo, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vigumu na kengele ilikuwa imeshalia. Siku mama yake alipokuja, akaniuliza kwa upole kwa nini namfungia, maana nyumbani anafunga mwenyewe. Haraka zangu zilikuwa zinamnyima mtoto stadi aliyokuwa nayo tayari. Kuanzia hapo nikawa namaliza kipindi cha michezo dakika 10 kabla ya kengele. Jopo halikunishusha kwa kosa lile. Waliniuliza maswali matatu zaidi juu yake.

Onyo: usitaje jina la mtoto wala la mzazi, na usimsimulie kwa namna ambayo mtu anayeijua shule yako atamtambua.

## Hatua ya 3: Beba ushahidi, na ujue kuusoma

Chukua ule mpango wa elimu wa mtoto mmoja na uuandike upya bila jina, bila shule, bila tarehe ya kuzaliwa. Kufuta jina kwa wino hakutoshi; ukiinua karatasi kwenye mwanga linasomeka.

Kisha kagua malengo, maana jopo litaanzia hapo. Linganisha haya mawili:

*Mwanafunzi ataboresha stadi za kujihudumia.*

*Akiwekewa kikombe chenye maji nusu, mwanafunzi atakishika kwa mikono miwili na kunywa bila kumwaga mara 4 kati ya 5, kwa siku 3 mfululizo, ifikapo mwisho wa muhula.*

La kwanza haliwezi kushindwa, kwa hiyo haliwezi kufaulu pia. La pili mtu yeyote akiingia darasani anaweza kuona kama limefikiwa. Lina hali, lina tendo, lina kipimo na lina muda. Malengo yako yakifanana na la kwanza, yaandike upya, na usione aibu kusema kwenye usaili, "Mpango huu niliuandika hivi mwanzoni, baadaye nikaurekebisha hivi."

Ambatanisha karatasi moja ya kumbukumbu: jedwali la safu tatu, au grafu ndogo ya kuchora kwa mkono. Ukurasa mmoja unaoweza kuueleza vizuri una thamani kuliko faili nene.

Mwambie mtu akuonyeshe mstari wowote kwenye karatasi hizo na akuulize "Hii ina maana gani?" Ukijibu bila kubabaika, hatua imekamilika.

## Hatua ya 4: Maswali yanayoangusha watu

Sitayaorodhesha yote. Nachukua yale ambayo nimeona walimu wazuri wakiteleza.

"Mtoto anawang'ata wenzake. Utafanya nini?" Jibu linaloangusha ni "nitampa adhabu" au "nitamwita mzazi." Anza na usalama: namtenganisha bila kelele, namhudumia aliyeumizwa. Kisha ingia kwenye kazi yenyewe: kung'ata kunamletea nini? Tabia nyingi za namna hii humpatia mtoto kitu anachokitaka, humwondoa kwenye jambo asilolitaka, humvutia macho ya watu, au humpa hisia fulani mwilini. Ukishajua ni ipi, unamfundisha njia nyingine ya kupata kitu kile kile. Anayeng'ata ili aondolewe kwenye kazi ngumu anafundishwa kuinua kadi ya "nataka kupumzika", na akiinua anapumzishwa kweli, mara hiyo hiyo.

"Umewahi kumshika mtoto kwa nguvu?" Swali hili linapima usalama wa watoto, na jibu lolote la kuzungukazunguka linatia shaka. Sema wazi: kumzuia mtoto kwa mwili ni hatua ya mwisho, pale tu anapokaribia kujidhuru au kumdhuru mwingine, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na ninaandika ripoti siku hiyo hiyo. Kamwe si adhabu. Ongeza unachofanya ili msifike huko.

"Mtoto ameanguka kifafa katikati ya somo." Jibu kwa mpangilio: natazama saa, naondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, naweka kitu laini chini ya kichwa, simshiki kuzuia mtikisiko na siweki chochote mdomoni, si kijiko, si kitambaa. Mtikisiko ukitulia namlaza kwa ubavu. Mtikisiko ukipita dakika 5, au ukirudi kabla hajapata fahamu, naita msaada wa dharura. Wakati huo msaidizi anawatoa wenzake kwa utulivu. Akizinduka nakaa naye, kwa sababu huamka amechanganyikiwa na mara nyingine ameloa, na heshima yake ni sehemu ya huduma. Wengi husahau hilo la mwisho. Ukilisema, jopo litakusikia.

"Mwalimu wa darasa la kawaida anakuambia: huyu ni wa kwako, si wangu." Usimshambulie mwalimu huyo hata kwa maneno. Mara nyingi anaogopa tu. Eleza jambo moja dogo utakaloanza nalo: unamwandalia zoezi lile lile la darasa likiwa na maandishi makubwa au hatua chache, mnalifundisha pamoja kipindi kimoja, kisha mnaketi dakika kumi kuzungumza lilivyokwenda.

"Mzazi hakubali kwamba mtoto ana ulemavu." Huna haja ya kumshinda. Mwonyeshe ulichokiona, siyo jina la hali: "Nimeona anasoma herufi vizuri zikiwa moja moja, lakini zikiungana kuwa neno anapotea. Nyumbani mnaona nini?" Swali hilo la mwisho ndilo jibu. Mzazi anamjua mtoto kuliko faili lote. Mimi vifungo vya shati vilinifundisha.

"Unajuaje kwamba mtoto asiyezungumza ameelewa?" Hapa toa kisa chako cha 3. Macho yanaelekea wapi, mkono unagusa picha gani, anafanya nini ukimpa vitu viwili achague, na je, anachagua vile vile ukibadilisha upande wa vitu? Hicho kipengele cha kubadilisha upande kinaonyesha kwamba hukisii, maana watoto wengine huchagua cha kulia siku zote.

## Hatua ya 5: Somo la mfano

Majopo mengi huomba somo fupi, wakati mwingine wasaili wenyewe wakiigiza wanafunzi. Watu huanguka kwa kuleta mengi: mabango, nyimbo, vikaragosi, malengo manne. Leta stadi moja.

Chukua kunawa mikono. Ivunje vipande: kufungua bomba, kulowesha, kuchukua sabuni, kusugua, kusuuza, kufunga bomba, kukausha. Vipande saba. Mtoto akiwa mgeni kabisa, unaweza kuanzia mwisho: unamsaidia sita za kwanza, ya saba anafanya mwenyewe. Kesho anafanya mbili za mwisho. Faida yake ni kwamba kila mara shughuli inakwisha mikononi mwake, mikono ikiwa safi na mikavu, na anaonja kumaliza.

Halafu onyesha ngazi yako ya msaada. Kwanza subiri. Kisha onyesha kwa kidole. Kisha picha. Kisha fanya wewe aone. Mwisho kabisa, mkono juu ya mkono, na kwa ridhaa yake. Waeleze pia jinsi utakavyouondoa msaada huo, kwa sababu msaada usioondoka unakuwa mzigo mwingine kwa mtoto.

Hilo la kusubiri lifanyie mazoezi peke yake. Toa maagizo, funga mdomo, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Mbele ya jopo sekunde kumi ni ndefu mno. Utatamani kurudia maagizo. Usirudie. Mtoto mwenye ubongo unaochakata maneno polepole, ukirudia katikati unamrudisha mwanzo. Wasaili wanaoijua kazi huangalia hasa hapo.

Onyo: zana yako isiwe na vipande vidogo vinavyoweza kumezwa wala ncha kali. Ukiombwa somo kwa mtoto asiyeona, picha weka kando. Tumia vitu halisi vya kugusa, na useme kwa maneno kila unachokifanya kabla ya kumgusa mkono. Kazi ikiwa inahusu nukta nundu, yaani maandishi ya kugusa ya wasioona, jikumbushe kuandika kwa mkono. Kwenye kibao cha kutobolea unaanza kulia kwenda kushoto, kwa kuwa karatasi itageuzwa ndipo isomwe. Mwalimu aliyekosa mazoezi huumbuka hapo.

Somo limefaulu ikiwa mtazamaji anaweza kusema ni nini mtoto alikifanya mwishoni ambacho mwanzoni hakukifanya.

## Hatua ya 6: Maneno na sheria

Sikiliza ulimi wako. "Anasumbuliwa na usonji", "amefungwa kwenye kiti cha magurudumu", "bubu", "taahira", na hata "watoto wa kawaida" ukimaanisha wasio na ulemavu: hayo yote yanakupunguzia alama bila mtu kukuambia. Sema mtoto mwenye usonji, anayetumia kiti cha magurudumu, asiyezungumza, mwenye ulemavu wa akili. Kwa viziwi neno "kiziwi" ni sawa. Wengi wao wanajiita hivyo kwa fahari, kama watu wenye lugha yao.

Kuhusu sheria, jua mambo machache na uyajue vizuri. Tamko la Salamanca la 1994, lililotoka kwenye mkutano wa kimataifa kuhusu elimu maalumu, ndilo lililoipa nguvu elimu jumuishi duniani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006 unazungumzia elimu kwenye kifungu cha 24. Juu ya hayo, soma sera ya elimu jumuishi ya nchi unakoomba kazi. Usikariri namba za vifungu; chagua jambo moja na useme linabadilisha nini darasani kwako.

Kifungu hicho cha 24 kina jambo ninalotaka walimu wenye ulemavu walijue. Kinazitaka nchi ziajiri walimu wanaojua lugha ya alama au nukta nundu, wakiwemo walimu wenye ulemavu. Unahitaji mkalimani, maandishi makubwa au chumba cha chini kisicho na ngazi? Omba mapema, kwa maandishi, bila kuomba radhi.

## Hatua ya 7: Sema kwa sauti

Mwite yule mtu asiye mwalimu. Mpe maswali kumi, washa kinasa sauti cha simu, jibu ukiwa umekaa wima. Kila jibu lisizidi dakika mbili.

Kwa nini asiwe mwalimu? Kwa sababu mwalimu mwenzako atakuelewa hata ukijieleza vibaya. Kwenye jopo anaweza kuwepo ofisa utumishi au mjumbe wa bodi ambaye hajawahi kuingia darasa la elimu maalumu, na naye anatoa alama. Msikilizaji wako akikunja uso, umetumia neno la kitaalamu bila kulifafanua.

Ukisikiliza rekodi, hesabu mara ulizosema "tunapaswa" na "ni muhimu". Kila moja ifute, weka "nilifanya" na kisa kinachofuata. Kama hujawahi kufanya, sema "ningeanza na".

## Hatua ya 8: Siku yenyewe

Fika mapema, tazama mazingira. Je, kuna njia ya kiti cha magurudumu? Watoto wako wapi wakati wa mapumziko, pamoja na wenzao au pembeni? Ulichokiona kitakupa swali la kuuliza, na utaulizwa kama una swali. Uliza mambo yatakayoamua kama utaweza kufanya kazi: nitakuwa na wanafunzi wangapi, wasaidizi wangapi, nani anaandaa mipango ya watoto na inapitiwa mara ngapi, mtoto akihitaji kipimo anapelekwa wapi. Majibu yakiwa ya kukwepa, yazingatie kabla ya kusaini.

Swali lisipoeleweka, omba lirudiwe. Ukitaka kufikiri, nyamaza kidogo. Wanaajiri mtu wa kuwasubiri watoto, nao watakusubiri.

Ukitoka, kaa mahali penye kivuli uandike kila swali uliloulizwa na kisa ulichokitumia, kabla hujampigia simu mtu yeyote. Wiki mbili baadaye, ama utakuwa unajiandaa kwa usaili mwingine na daftari hilo mkononi, ama utakuwa unajiandaa kwa Jumatatu ya kwanza, na visa hivyo vitakusaidia kuamua cha kutazama kwanza mtoto akiingia mlangoni.